Anza na Kilichobaki

Mtu aliyevunjika mguu akifika hospitali, daktari hana dawa ya kuunga mfupa. Anachoweza ni kuunyoosha mguu, kurudisha vipande mahali pake, kuvishika kwa plasta ngumu au kwa vyuma, kisha kumwonya mgonjwa asiukanyagie mpaka aruhusiwe. Kazi ya kuunga hufanywa na mfupa wenyewe. Damu iliyovuja palipovunjika huganda; baada ya siku chache seli huanza kujenga gegedu laini linalozishika ncha mbili; wiki zinazofuata gegedu hilo hugeuka kuwa mfupa mnene wenye nundu; na kwa miezi mingi baadaye mwili huuchonga mpaka ukaribie umbo lake la awali. Daktari anastahili shukrani zote, lakini yeye ndiye wa kwanza kujua kwamba utaalamu wake umeegemea nguvu ambayo hakuiumba.

Makala haya yanahusu nguvu hiyo, na namna ya kuitegemea bila kujidanganya. Yameandikwa kwa ajili ya msomaji aliyechoka: anayelitazama shamba la wazazi lililogeuka vumbi, au mwili wake mwenyewe baada ya ugonjwa mrefu, uzazi mgumu, miaka ya pombe au miaka ya sigara, akajiuliza kama ipo sababu ya kuendelea kujaribu. Sababu ipo, na inaweza kuonyeshwa kwa ushahidi. Uhai hujirudishia, lakini hufanya hivyo kwa masharti matatu: huanzia kwenye kile kilichobaki, huanza pale madhara yanapokoma, na huenda kwa mwendo wake wenyewe. Anayeyajua masharti hayo ana tumaini lenye kazi ya kufanya. Asiyeyajua huyumba kati ya huzuni na ahadi tupu.

Tuanze na ardhi. Shinyanga ilikuwa nchi ya miombo na migunga. Kuanzia miaka ya 1920 utawala wa kikoloni ulihimiza vichaka vifyekwe ili kuangamiza mbung'o. Baadaye pamba ikadai mashamba mapya, ng'ombe wakaongezeka, miti ikaishia kwenye kuni na mkaa, na uhamishaji wa watu kwenda vijijini katika miaka ya 1970 ukawatenga wengi na maeneo waliyokuwa wakiyatunza. Kufikia miaka ya 1980 mkoa huo ulikuwa umeshapewa jina la jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI. Mwanzoni juhudi kubwa zilikuwa kwenye vitalu na upandaji wa miche. Mambo yalibadilika pale mradi ulipoigeukia desturi ya Wasukuma wenyewe, ngitili: eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kinapokaza, ili ndama na maksai wapate majani wakati kwingine kumekauka. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa na ukubwa wa hekta 600 hivi. Kufikia mwaka 2004, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerejeshwa katika mamia ya vijiji, na sehemu kubwa ya uoto huo haikupandwa na mtu. Mizizi, visiki na mbegu vilikuwapo ardhini muda wote. Kilichokosekana ni msimu mmoja wa kutokatwa na kutoliwa na mifugo, kisha msimu mwingine, kisha mwingine.

Ushahidi wa pili unatoka Niger. Mwaka 1983 mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, Tony Rinaudo, alikuwa eneo la Maradi akisimamia upandaji wa miti, na sehemu kubwa ya miche yake ilikuwa ikifa. Alipokichunguza kwa karibu kile kilichoonekana kuwa kichaka tu cha nyikani, aligundua kuwa ni mti uliokatwa, na kisiki chake kilikuwa kikichipua. Mashamba yaliyodhaniwa kuwa matupu yalikuwa yamejaa visiki vya aina hiyo. Kila mwaka vilichipua, na kila mwaka machipukizi yalifyekwa wakati wa kuandaa shamba au yaliliwa na mbuzi. Njia aliyoieneza haihitaji mtaji: mkulima huchagua machipukizi machache yenye nguvu katika kila kisiki, huyaondoa mengine, na huyalinda yaliyobaki. Katika miaka 20 iliyofuata njia hiyo ilienea katika takriban hekta milioni 5 za nchi hiyo. Sheria nayo ilikuwa na mchango wake. Zamani miti ilihesabiwa kuwa mali ya serikali hata ikiwa katikati ya shamba la mtu. Mkulima alipoanza kuiona kuwa yake, ndipo alipopata sababu ya kuilinda. Dodoma njia hiyo inajulikana kwa jina la Kisiki Hai, na jina lenyewe limeshaeleza kila kitu.

Mwili wa binadamu unafuata kanuni hizo hizo. Chembe nyekundu za damu huishi siku 120 hivi, na uboho hutengeneza nyingine takriban milioni 2 kila sekunde ili kuziba pengo la zinazokufa. Utando wa ndani wa utumbo hubadilishwa kila baada ya siku chache, na tabaka la juu la ngozi kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Mabadiliko hayo yanawezekana kwa sababu chini ya tabaka linalochakaa kuna seli za akiba, ambazo kazi yake ni kugawanyika na kuzaa nyingine. Ndiyo maana mchubuko kwenye goti la mtoto hufunika haraka bila kuacha alama, ilhali mtu aliyeungua moto ukapenya ngozi yote huhitaji kupandikizwa ngozi kutoka sehemu nyingine ya mwili wake. Katika hali ya kwanza mzizi ulibaki. Katika hali ya pili mzizi ulikwenda na moto. Swali la kwanza la mtu anayetafuta tumaini, basi, lisiwe ni kiasi gani kimeharibika. Liwe ni kipi kilichobaki hai chini ya uharibifu.

Kiungo kinachoyaonyesha masharti yote matatu kwa pamoja ni ini. Mtu mzima mwenye afya anaweza kumpa mgonjwa zaidi ya nusu ya ini lake, na kwa miezi michache lile lililobaki hukua hadi kukaribia ukubwa wa awali. Ini hilo hilo likipigwa kila siku kwa pombe, au likikaa miaka mingi na virusi vya homa ya ini visivyodhibitiwa, hulemewa. Makovu huchukua nafasi ya nyama hai, na damu hukosa njia ya kupita. Chovyachovya humaliza buyu la asali. Jeraha kubwa la siku moja kiungo hiki kinaweza kulifidia, lakini dogo lisilokoma humfikisha mtu mahali ambapo hakuna cha kufidia. Hata hivyo, pombe ikiachwa mapema au virusi vikitibiwa kwa wakati, makovu ya hatua za mwanzo yanaweza kupungua. Sigara inatufundisha somo hilo hilo kwa ratiba iliyo wazi zaidi. Dakika 20 baada ya sigara ya mwisho mapigo ya moyo na shinikizo la damu huanza kushuka. Ndani ya siku moja gesi ya kaboni monoksaidi iliyokuwa kwenye damu hurudi katika kiwango cha kawaida. Baada ya mwaka mmoja hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo huwa karibu nusu ya ile ya mvutaji, na baada ya miaka 10 hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu hushuka kufikia nusu hivi. Hakuna kidonge kilichofanya hayo. Moshi ulikoma, na mwili ukafanya kazi uliyokuwa ukizuiwa kuifanya.

Wala umri haufungi mlango mapema kama wengi wanavyodhani. Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake, huko Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa wazee 10 dhaifu wenye umri wa miaka 90 hivi, waliokuwa wakiishi katika nyumba ya kutunzia wazee. Wazee hao walifanya mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu kwa muda wa wiki 8, chini ya uangalizi. Nguvu ya miguu yao iliongezeka zaidi ya maradufu. Kundi lilikuwa dogo, na si haki kulibebesha ahadi kubwa, lakini linatosha kuuvunja usemi kwamba msuli wa mzee ni wa kupungua tu. Kwa familia zetu, ambamo heshima kwa bibi na babu mara nyingi huonyeshwa kwa kuwakataza wasinyanyuke kitini, matokeo hayo yanadai tubadilike. Mzee anayeweza kusimama na kuketi mara kadhaa bila kusaidiwa aachwe afanye hivyo kila siku, mradi mtu yuko karibu naye. Mapumziko ni dawa pale penye jeraha. Pasipo na jeraha, kukaa tu huula msuli.

Sasa tusikilize pingamizi, kwa sababu tumaini lisiloweza kujibu maswali halifai kumpa mtu mwenye shida. La kwanza ni zito: maji yakimwagika hayazoleki. Kuna vitu visivyorudi. Jino la mtu mzima likipoteza gamba lake gumu la nje, gamba hilo halioti tena. Watafiti wa Sweden walionyesha mwaka 2009 kwamba seli za misuli ya moyo hubadilishwa kwa kiwango kisichozidi asilimia 1 kwa mwaka, hivyo sehemu ya moyo iliyokufa kwa kukosa damu hubaki kovu. Mnyama aliyetoweka duniani hatarudi kwa kufunga malisho. Udongo wa juu uliosombwa na mafuriko hujengeka upya kwa muda unaopita maisha ya mtu mmoja. Yote hayo ni kweli, na yeyote anayeahidi kinyume chake anawaumiza watu mara mbili, kwanza kwa uongo na pili kwa lawama wanapokosa kupona. Mgonjwa asiyepona hajakosa imani wala bidii. Yamkini ugonjwa wake umefika mahali ambapo hakuna kilichobaki cha kuchipua. Lakini hata hapo tazama kwa makini. Mtu aliyepata kiharusi hapati seli mpya za kutosha kuziba zile zilizokufa, ila sehemu nyingine za ubongo zinaweza kujifunza baadhi ya kazi zilizopotea, kwa mazoezi ya kurudiarudia kitendo kile kile. Mwenye kovu moyoni anaweza kuilinda misuli iliyo hai kwa dawa, lishe na kutembea. Mipaka hailifuti tumaini, huliambia mahali pa kwenda.

Pingamizi la pili hutolewa na watu wenye njaa, nalo linastahili jibu la heshima. Wanasema: kupumzisha ardhi na mwili ni anasa ya wenye nacho. Mama aliyejifungua kwa upasuaji anawezaje kupumzika ikiwa maji yako kilomita mbili na hana mwingine wa kuyachota? Mkulima mwenye ekari mbili atafunga ipi? Jibu ni kwamba mapumziko hayajawahi kuwa kazi ya mtu mmoja. Ngitili zilisimama kwa sababu palikuwa na dagashida, mkutano wa jamii unaoweka sheria, na walinzi wa sungusungu waliohakikisha kwamba aliyeingiza ng'ombe wakati usio wake anatozwa faini. Katika vijiji kadhaa vya wavuvi, Pemba na hata Madagaska, wanajamii hukubaliana kufunga sehemu ya miamba kwa miezi michache ili pweza wakue. Kwa kuwa pweza huishi muda mfupi na huongezeka uzito upesi, siku ya kufungua huvuliwa wakubwa kuliko wale waliokuwa wakivuliwa awali. Wanaofanya hivyo si matajiri. Wameweza kwa kufunga sehemu na kuacha nyingine wazi, na kwa kufunga wote pamoja. Hali ni hiyo hiyo nyumbani. Wiki sita za mzazi kupona ni wajibu wa mume, wa dada, wa mawifi na wa majirani, na familia inayomwachia peke yake isije ikashangaa jeraha linapofumuka.

Wapo pia wanaohofia kwamba maneno kama haya yanampa mharibifu kibali: kama msitu hurudi, kwa nini tusikate? Hofu hiyo ina msingi, lakini ushahidi wenyewe unaijibu. Visiki vya Maradi vilichipua kwa sababu vilikatwa bila kung'olewa. Trekta linalong'oa mizizi, moto unaopita kila mwaka, na mmomonyoko unaochukua udongo wenye mbegu huondoa kile ambacho uhai hujirudishia kwacho. Vilevile uoto unaorudi baada ya miaka michache huwa na spishi chache kuliko msitu wa kale, na miti mikubwa yenye mashimo ya ndege haipatikani kwa muongo mmoja. Anayeijua vizuri nguvu ya kujirudishia ndiye anayejua pia kwamba inaweza kumalizwa, na ndiye mwenye sababu kubwa zaidi ya kuilinda. Aliyekata tamaa kabisa hana cha kulinda. Kwake mti wa mwisho ni kuni tu.

Ikiwa hoja hiyo inakubalika, ushauri unafuata kwa urahisi. Kwanza, kabla hujaongeza kitu chochote, ondoa kinachoumiza. Silika yetu ni kununua: mbolea, miche, dawa za kusafisha damu, vinywaji vya kuongeza kinga. Vingi kati ya hivyo hupoteza fedha wakati panga bado linakata. Kwenye shamba, uliza ni nini kinayakata machipukizi kila mwaka, kisha ushughulike na hicho tu: mbuzi wasiofungwa, moto wa kuandaa shamba, jembe la mtu asiyejua. Katika mwili, uliza ni jeraha gani linalorudiwa kila siku, iwe ni pombe, moshi wa jiko katika chumba kisicho na dirisha, au kiatu kinachombana mgonjwa wa kisukari. Ukijikuta huwezi kuliacha peke yako, kama ilivyo kwa waraibu wengi wa pombe, tafuta msaada wa kitabibu, kwa sababu mnywaji wa miaka mingi akiacha ghafla anaweza kupata degedege na hali za hatari. Kuondoa madhara nako kunahitaji mpango.

Pili, chagua machache. Kisiki kikiachiwa machipukizi yote 20, hubaki kichaka. Kikiachiwa matatu, huwa mti. Mtu anayepona hujiandikia mabadiliko kumi kwa siku moja, na baada ya wiki mbili hana hata moja. Chagua mawili yanayobeba mengine. Kwa wengi wetu hayo ni usingizi wa kutosha na kutembea kila siku, na baada ya ugonjwa au upasuaji huongezeka la tatu: chakula chenye protini, kama maharage, dagaa, mayai au maziwa, kwa kuwa mwili haujengi nyama kwa ugali peke yake.

Tatu, fuata saa ya kitu chenyewe. Hapa ndipo watu wengi hushindwa, tena wakati mambo yanakwenda vizuri. Mgonjwa wa kifua kikuu hujisikia nafuu baada ya wiki chache za dawa, ilhali tiba yake kwa kawaida ni ya miezi 6. Akiacha katikati, vimelea vilivyosalia hurudi, na huenda vikarudi vikiwa sugu. Ngitili iliyoota majani mazuri Februari humshawishi mfugaji kuifungua, na kiangazi kinapofika hana kitu. Dalili za kwanza za kupona ndizo zenye kuhitaji ulinzi mkali kuliko zote. Uliza tangu mwanzo kazi hii huchukua muda gani, andika tarehe, na umwambie mtu mwingine akusaidie kuishika. Kungoja nako kuna kikomo chake. Kidonda kisichoonyesha kufunga baada ya wiki mbili, kikohozi cha muda huo, uvimbe unaokua au uzito unaopungua bila sababu ni mambo ya kupeleka hospitali, si ya kuyaombea subira. Tumaini katika mwili halimzuii mtu kupimwa. Aliyepimwa mapema ndiye ambaye bado ana kingi kilichobaki.

Nne, pima unachokitunza. Jicho la mtu aliyekata tamaa halioni mabadiliko ya polepole, hivyo lisaidie kwa kumbukumbu. Piga picha shamba kutoka sehemu ile ile kila mwanzo wa mvua. Andika hatua ngapi ulitembea bila kupumzika, au mara ngapi mzee wako alisimama kitini. Na ukifika tarehe uliyoiandika ukakuta hakuna kilichosogea, usiharakishe kusema kwamba tumaini lilikuwa kosa. Yarudie masharti. Je, madhara yalikoma kweli, au yalipungua tu? Je, kilichobaki kilikuwa hai? Je, muda ulitosha? Likijibiwa hapana hata moja, umepajua mahali pa kuanzia upya. Yakijibiwa ndiyo yote matatu, umeufikia mpaka wa kitu hicho, na una haki ya kukiomboleza. Kisha zipeleke nguvu zako kwenye kingine kilicho hai, kwa sababu katika ardhi yetu na katika miili yetu vingi bado vina mizizi, vikisubiri tu tuache kuvikata.